Samaki wa Dimbwi Letu

Katika lugha yetu samaki ni kitoweo kwanza, na kiumbe baadaye. Methali zetu ni shahidi: samaki hukunjwa angali mbichi, na mmoja akioza huoza wote. Hukunjwa, huoza, hukaangwa, huanikwa. Sikumbuki methali hata moja ambamo samaki hupendwa akiwa hai. Mimi niliyezaliwa bara, mbali na bahari na mbali na maziwa makuu, nalikulia katika fikira hiyo hiyo bila ya kuihoji. Samaki wetu walifika kwa gari moshi, wakavu, ndani ya magunia, na harufu yao iliwatangulia. Kwa hiyo msomaji atafahamu haya niliyokuwa nayo siku nilipojikuta, mwanamke wa miaka 30 na ushei, nikilia kwa kwikwi katika chumba cha kupanga ugenini, mbele ya samaki asiyezidi urefu wa kidole changu cha kati.

Nalizaliwa Itigi, katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa genge la reli ya kati. Itigi ni kituo cha reli, na wataalamu wa mimea wanaijua kwa sababu ya vichaka vyake, ambavyo vimesongamana hata ng'ombe akipotea humo hutafutwa kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Mvua kwetu ina msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na baada ya hapo mbingu hufungwa kama duka la mtu aliyesafiri. Nyuma ya nyumba za genge palikuwa na mbuga. Wasomaji waliozoea kusikia kwamba mbuga ni mahali pa kutazamia simba watanisamehe. Kwetu mbuga ni bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukiloa hunasa gurudumu, na ukikauka hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Katikati ya mbuga hiyo palikuwa na dimbwi. Halikuwa na jina. Watu wazima walilitumia kunyweshea ng'ombe na kufyatulia matofali; sisi watoto twalilitumia kwa kila jambo walilotukataza watu wazima.

Majuma machache baada ya mvua za kwanza dimbwi lilikuwa na samaki. Jambo hili halikutushangaza hata kidogo, na kutoshangaa kwetu ndiko kunakonishangaza leo. Mwezi wa Oktoba twalilivuka dimbwi lile kwa miguu, vumbi likitimka. Halikuunganika na mto wala ziwa. Mwezi wa Januari lilikuwa na samaki wa rangi nyekundu na buluu, wakipeperusha mapezi yao kama bendera za sherehe. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na maelezo: samaki hushuka na mvua. Mbinguni mna maji, alisema, na penye maji pana samaki. Nimesoma mantiki chuoni tangu wakati ule na sijaona kosa katika hoja hiyo, isipokuwa kwamba si kweli. Mimi na dada yangu twaliwavua kwa kipande cha khanga kuukuu, tukawatia katika kopo la maziwa, tukalificha chini ya kitanda. Asubuhi twaliwakuta wamekufa, tukawamwagia kuku. Basi hivyo ndivyo nilivyowafahamu samaki wale kwa miaka mingi: walikuwa chakula cha kuku.

Mwaka 2012 nalikuwa Leipzig, Ujerumani, nikiandika tasnifu yangu ya udaktari kuhusu majina ya mahali katika Kiswahili cha bara. Katika nyumba niliyopanga, ghorofa ya chini alikaa mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa dereva wa tramu. Siku moja alinikuta ngazini akaniuliza nimetoka wapi. Nalimjibu, Tanzania. Akauliza, sehemu gani? Nalimjibu kama tunavyowajibu wageni ambao hatutazamii waendelee: katikati. Akauliza, katikati ipi? Singida, nikasema. Akauliza, upande gani wa Singida? Nikaanza kumtazama vizuri. Manyoni, nikasema. Mzee akashuka ngazi moja, akanisogelea, akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kukatwa tamaa: "Karibu na Itigi, Bibi?"

Naliandamana naye hadi chumba cha chini ya ardhi, mahali ambapo majirani wengine waliweka makaa na baiskeli. Yeye aliweka vyombo vya kioo, si pungufu ya thelathini, vimepangwa juu ya rafu za mbao, kila kimoja na taa yake. Katika kila chombo palikuwa na karatasi iliyobandikwa, na juu ya karatasi jina la mahali. Nalisoma majina ya Msumbiji, ya Rufiji, ya Unguja. Katika rafu ya kati, chombo cha tatu kutoka kushoto, pameandikwa kwa hati safi ya kalamu ya wino: Itigi. Naliinama nikatazama. Ndani yake walikuwamo chakula cha kuku.

Hapa sina budi kusimama nieleze samaki huyu ni nani, kwa maana maisha yake ni ya ajabu kuliko yote aliyoyasema bibi yangu. Wataalamu wanamweka katika jenasi iitwayo Nothobranchius, jina lililotungwa na Wilhelm Peters wa Berlin mwaka 1868, na maana yake ni matamvua ya uongo. Huo si mwanzo mwema kwa jina la kiumbe yeyote. Jamii zake ni nyingi, nazo huishi hasa katika mabara ya mashariki ya Afrika, penye madimbwi ya msimu. Mvua ikinyesha, mayai yaliyozikwa katika tope huanguliwa, mengi kwa muda wa saa chache. Kifaranga hula vijidudu, hukua kwa kasi isiyo na mfano, na baada ya majuma machache tu amekuwa mzima na anataga. Katika jamii moja, iitwayo furzeri, wachunguzi wameona porini samaki waliopevuka kwa muda wa siku 14. Dume huvaa rangi zote. Jike huwa na rangi ya vumbi, na aghalabu watu hawamtazami mara mbili. Dume humkumbatia jike kwa pezi lake la mgongoni, wote wawili wakijibana juu ya tope, na yai moja hutoka, likazikwa. Kisha jingine. Siku baada ya siku, yai moja moja, hata dimbwi likauke na wote wafe.

Kamongo wa Ziwa Victoria naye hujifukia katika tope wakati wa kiangazi, lakini kamongo huamka yeye mwenyewe, akaendelea na uzee wake alipouachia. Samaki wa dimbwi letu haamki. Hakuna mzazi aonaye watoto wake, wala mtoto amjuaye mzazi. Kilichobaki chini ya ardhi ile niliyoivuka kwa miguu ni mayai, kila moja na ukubwa wa chembe ya mtama mdogo au pungufu, na ndani yake kiinitete kimelala. Usingizi huo una vituo vitatu. Kiinitete kinaweza kusimama mwanzo kabisa, au katikati moyo ukiwa umekwisha kuumbwa, au mwisho kabisa, samaki kamili aliyejikunja akingoja maji. Tena mayai hayaamki yote pamoja. Mvua ya kwanza ikiwa ya udanganyifu, ikanyesha siku mbili ikakoma, wale walioanguliwa hufa, na wale waliolala hubaki kwa mvua ya kweli. Wazee wetu waliokuwa wakigawa mbegu ya uwele mafungu mawili, wakapanda moja na kuficha jingine, wangeuelewa mpango huu bila ya kufafanuliwa.

Mzee yule alinisimulia jinsi alivyoanza, naye hakuanza kwa kupenda. Alikuwa mpenzi wa samaki wakubwa wa Ziwa Tanganyika, wale wa miambani wanaovuliwa pande za Kigoma na kuuzwa nchi za mbali kwa bei ya kito. Samaki ambao huishi miaka mingi, humjua mtu anayewalisha, na hupigania jiwe lao kama mwenye shamba apiganiavyo mpaka. Kwa wapenzi hao, samaki wa madimbwi walikuwa jambo la mzaha. Nani ajenge nyumba ya kioo kwa mpangaji wa miezi michache? Nchi yake wakati ule ilikuwa upande wa mashariki wa ukuta, na hakuruhusiwa kusafiri atakako, lakini barua zilisafiri. Siku moja rafiki aliyekuwa akibadilishana naye barua alimletea bahasha, na ndani yake kifuko cha mboji nyeusi yenye unyevu kidogo. Alidhani ni tumbaku. Barua ilieleza kwamba ni mayai, ayatie katika maji baridi. Alichukizwa. Aliyatia majini, aliniambia, kwa sababu moja tu: rafiki yake angeuliza, naye hakupenda kusema uongo.

"Baada ya saa tatu," alisema, "naliona tumbaku ikiogelea."

Akanyamaza kidogo, kisha akaeleza jambo ambalo nimelisikia baadaye kwa wengi wa kundi lake. Mtu hupokea samaki hawa kwa dharau, au kwa udadisi, au kwa kuwa chombo kimoja kimebaki kitupu. Hudhani ufupi wa maisha yao ndio kasoro yao. Halafu huona kwamba samaki aishiye miaka kumi anaweza kusahauliwa juma zima, lakini huyu hasahauliki hata siku moja, kwa maana jana alikuwa mtoto na leo ana rangi. Na siku mpenzi huyo anapomwona dume wake wa kwanza akiinama mgongo na kufifia, ndipo anapotambua kwamba amekwisha kunasa, na kwamba katika kabati yake mna mfuko wa mboji wenye tarehe, na hawezi tena kuutupa. Mzee alitoa samaki wake wa Tanganyika mmoja mmoja, akabaki na hawa.

Wapenzi hao wana sheria moja ambayo mimi, mwanafunzi wa majina ya mahali, nilipoielewa nalishikwa na namna ya wivu. Samaki wa dimbwi moja hawachanganywi na wa dimbwi jingine, hata wakiwa wa jamii moja na wamefanana kama pacha. Kila ukoo huandikwa kwa jina la mahali ulikotoka na mwaka ulipochukuliwa, na karatasi hiyo hurithishwa pamoja na mayai, kutoka mkono hadi mkono, kizazi baada ya kizazi. Atakayepoteza karatasi, samaki wake huhesabiwa kuwa hawana kwao. Wale wa chombo cha tatu walikuwa wametolewa Itigi katika miaka ya 1990, nao hawakuwahi kuona tone la mvua ya Itigi. Lakini jina la Itigi halikuwaacha. Nami nalikuwa nimeandika kurasa mia mbili na zaidi juu ya majina ya mahali, na sikupata kuliandika dimbwi la nyuma ya nyumba yetu, kwa kuwa halikuwa na jina la kuandika.

Wala msomaji asidhani kuwa hii ni michezo ya wazee wasio na kazi. Yule furzeri niliyemtaja aliokotwa mwaka 1968 huko Gonarezhou, kusini-mashariki ya nchi iitwayo leo Zimbabwe, akapewa jina la Richard Furzer aliyemwokota. Kwa zaidi ya miaka 30 wapenzi walimlea katika vyombo vyao na kupelekeana mayai yake, pasipo mtu wa maabara kuuliza habari zake. Ndipo mwaka 2003 Stefano Valdesalici na Alessandro Cellerino walipotangaza kuwa samaki wa ukoo huo huzeeka na kufa kwa muda wa majuma kama 12, maisha mafupi kuliko ya mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo aliyepata kufugwa katika maabara. Leo katika mji wa Jena, safari fupi kwa treni kutoka Leipzig, taasisi nzima inayochunguza uzee inamtumia samaki huyo, kwa sababu mtaalamu anaweza kumwona akizaliwa, akipevuka, akikongoroka na kufa kabla fedha za utafiti hazijakwisha. Jambo hilo ni kubwa. Lakini nalipendezwa zaidi na ile miaka 30 ya kabla yake, ambapo ukoo mzima ulitegemea kabati za watu wasiotazamia faida yoyote.

Mzee alinipa kifuko cha mboji. Tarehe ilikuwa imeandikwa, na chini yake: Itigi. Nalikipokea kwa adabu, nikakitia katika mtoto wa meza, nikakisahau. Nalikuwa na sura ya nne ya tasnifu. Baada ya siku zake kupita sana, nalipotafuta kalamu nikakiona, nikakitia majini kwa sababu ile ile iliyomsukuma mzee: angeuliza. Mayai mengi yalikuwa yameharibika. Walitoka tisa, wakabaki saba, madume wawili na majike watano, katika chombo cha kioo alichoniazima na nilichokiweka juu ya meza ya kazi, kando ya makamusi.

Sitawachosha wasomaji kwa habari za kila siku. Nitasema tu kwamba mazoea ni mlango usio na bawabu. Nalianza kwa kuwalisha, nikaendelea kwa kuwatazama nikiwalisha, na baada ya mwezi nalikuwa nikiamka mapema niwatazame kabla ya kuwalisha. Watu husifu madume, nami nakiri kwamba rangi zao zilinirudishia kopo la maziwa na kitanda cha utotoni. Lakini aliyeniteka ni jike mmoja mwenye pezi la mkia lililochanika, asiye na rangi hata ya kutajwa, ambaye kila nilipokaa kuandika alisimama upande wa kioo ulioelekea taa yangu akanitazama kwa jicho moja. Najua kwamba alingoja chakula. Nimesoma pia kwamba watu wengi wanaopendana wameanza hivyo.

Mwezi wa Januari mwaka 2014 ndugu yangu alinipigia simu usiku kuwa baba ametutoka. Nalimwachia mzee chombo changu, nikapanda ndege, kisha basi. Msiba wa baba ulikuwa mkubwa, kama ilivyo misiba ya watu wa reli, ambao hujuana kutoka kituo hata kituo. Mimi ndiye mtoto aliyetoka Ulaya. Nalishughulika na mchele, na turubai, na wageni wa kulala, na hesabu ya michango. Watu waliniambia nimejikaza sana. Siku ya tatu baada ya mazishi nalitoka nyuma ya nyumba ili nipate kuwa peke yangu, nikaelekea mbugani. Barabara ilikuwa imepita pale. Dimbwi lilikuwa limejazwa kifusi chekundu, limeshindiliwa, na juu yake mabomba ya saruji yamepangwa yakingoja kazi. Sikumlaumu mtu. Barabara ile tuliiomba sisi wenyewe kwa miaka mingi, na gari lililomleta baba kutoka hospitali lilipita juu yake. Nalisimama kidogo, nikarudi kwenye hesabu ya michango.

Niliporudi Leipzig mzee alinikabidhi chombo. Walikuwa wamebaki wanne. Jike mwenye mkia uliochanika alikuwa hai, lakini mgongo wake ulikuwa umepinda na hakuweza tena kusimama sawa majini. Nalimweka juu ya meza yangu, nikawasha taa. Alijikokota hadi upande wa kioo ulioelekea taa. Ndipo nilipolia kile kilio nilichokitaja mwanzo, na sina haja ya kumweleza msomaji nalikuwa nikimlilia nani.

Alikufa kesho yake. Mzee alipoleta mfuko wa mboji, nalielewa kwamba wakati nilipokuwa safarini alikuwa ameyakusanya mayai yao. Kisha akaniuliza swali alilokuwa amelihifadhi tangu nirudi: je, nimeliona dimbwi? Nikamwambia kwamba halipo. Akanyamaza. Kisha akauliza lilikuwa na kina gani. Sikujua. Akauliza maji yake yalikuwa na rangi gani, ya chai au ya maziwa. Kama palikuwa na yungiyungi. Kama ng'ombe waliingia ndani au walinywa ukingoni. Kama jua lilipiga kutwa au palikuwa na kivuli. Maswali yote hayo nalikuwa na haki ya kuyajua kuliko mtu yeyote katika bara la Ulaya, nami nalijibu mawili tu. Chai ya maziwa, nikasema, na ng'ombe waliingia ndani.

Nalimaliza masomo mwaka uliofuata, nikarudi nyumbani kufundisha. Jambo moja limenikera tangu wakati huo, na kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha, nalileta mbele yao. Kiswahili kina utajiri wa majina ya samaki unaoweza kumtia kiburi mwenye nayo: changu, tasi, pono, chewa, kolekole, nguru na taa kwa watu wa bahari, sato, ngege, furu, sangara, mgebuka na kuhe kwa watu wa maziwa, kambale kwa watu wa mito na matope. Samaki wa dimbwi la msimu, anayeishi katika mikoa yetu mingi na pia katika kisiwa cha Unguja chenyewe, mimi sikumkuta na jina la Kiswahili lililo lake. Naliuliza Itigi, naliuliza Manyoni. Watu walisema, "visamaki." Mmoja alisema, "vidudu vya maji." Ajabu ni kwamba jina la mkoa wetu halikukosa samaki: katika vitabu vya Kiingereza ngege huitwa tilapia wa Singida, ingawa kwao hasa ni maziwa ya Victoria na Kyoga, ambako amepungua hata akahesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Singida imemwazima jina samaki wa wenyewe, na wa kwake imewaacha na kiambishi cha udogo.

Nimejaribu kubuni jina. Wanafunzi wangu wametoa mapendekezo, mengine mazuri. Lakini jina linalotungwa darasani ni kama yai lisilozikwa. Naona afadhali lingoje.

Mwezi wa Februari mwaka 2016 nalikwenda Itigi kwa mama, na siku ya pili mtoto wa ndugu yangu, aliyekuwa na miaka minane, aliingia uani akiwa na chupa ya plastiki iliyokatwa shingo. "Shikamoo, Shangazi," alisema haraka, kama mtu alipaye ushuru apate kupita. Nalimwitikia, nikamwuliza ana nini. Alikuwa na madume wawili, wekundu na buluu, wakitunishiana mapezi ndani ya chupa. Mbona dimbwi limezikwa, nikasema. Mtoto alinishangaa. Akanipeleka nyuma ya barabara. Wale waliojenga walikuwa wamechimba mtaro mrefu upande wa juu, na shimo la kifusi mwisho wake, na katika mvua kubwa maji ya mbuga yalikuwa yameingia humo, pamoja na tope lake, pamoja na yote yaliyolala katika tope hilo. Palikuwa na nyayo za ng'ombe. Palikuwa na matofali mabichi yakianikwa.

Nalimwandikia mzee barua siku ile ile. Jibu lake lilifika baada ya majuma sita, nalo halikuwa na neno la furaha hata moja. Alitaka kujua nimepima kina mahali pangapi, na kwa nini sikutaja joto la maji asubuhi na joto la maji alasiri, na akaniagiza nipime tena. Tangu mwaka ule nimepima kila msimu, mimi daktari wa lugha, nikiingia mtaroni na fimbo iliyotiwa alama, na mtoto wa ndugu yangu akiandika. Mzee aliaga dunia mwaka 2018. Binti yake aliniandikia kwamba vyombo vimegawanywa, na kwamba wale wa chombo cha tatu wamechukuliwa na kijana mmoja wa Dresden, na karatasi yao. Mwaka 2020 wataalamu watatu, Béla Nagy, Brian Watters na Dirk Bellstedt, walitangaza jamii mpya ya samaki hawa wakaiita itigiensis, yaani wa Itigi. Nalipolisoma jina hilo nalitoka ofisini nikatembea kidogo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia ambaye angeniuliza maswali yaliyostahili.

Mama yangu haafiki habari za mayai. Nalimweleza yote, vituo vitatu vya usingizi na mvua za udanganyifu, akasikiliza mpaka mwisho kwa subira ya mtu aliyesomesha watoto. Kisha akasema kuwa mama mkwe wake alisema wanashuka na mvua, na hata mimi nimekiri kuwa pasipo mvua hawaji.

Msimu uliopita twalikwenda tena. Yule mtoto sasa ni kijana, sauti yake imekuwa nzito, na hapendi kuonekana na kaptula. Lakini alikunja suruali akaingia. Nalisimama ukingoni na daftari, kwa maana sasa yeye ndiye anayepima. Alisoma fimbo, akanitajia, nami nikaandika chini ya tarehe: maji sentimita 41 katikati, 18 ukingoni, rangi ya chai ya maziwa, nyasi upande wa mashariki tu, ng'ombe wanaingia. Madume tisa wameonekana. Majike hayakuhesabika, kwa sababu ya rangi yao.